Dereva wa rali na tochi ya trafiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gereji yangu iko Nyakato, Mwanza, barabara ya kwenda Musoma. Kabla ya gereji nilikaa miaka kadhaa kiti cha kushoto kwenye magari ya rali, nikiwa msoma ramani. Wateja wakisubiri gari hukalia matairi chakavu pale mlangoni na kuniuliza yaleyale, hasa Safari Rally ikiwa kwenye runinga, au trafiki akiwa amewaandikia asubuhi hiyo. Nimechoka kujibu huku nimelala chini ya gari, basi nimeyaandika.

Dereva wa rali akipigwa tochi, yaani kile kipima mwendo cha trafiki, pale Kisesa, anaandikiwa kama mimi?

Kama wewe, bila tofauti ya shilingi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haina kifungu cha mabingwa. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Basi la abiria na gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 havipiti 80 hata porini. Kwingineko unatii kibao.

Lakini si ana leseni maalumu?

Ana leseni mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ile ya udereva ambayo hata wewe unayo, yenye madaraja yake, ya kuhuishwa kila baada ya miaka 5. Ya pili ni leseni ya mashindano, ambayo hapa nchini inatoka kwa AAT, chama cha magari ambacho ni mwanachama wa FIA, shirikisho la magari la dunia. Hiyo ya pili inamruhusu mtu kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Barabarani haina kazi. Nilimwona kijana mmoja akimkabidhi trafiki leseni ya mashindano kwa mbwembwe zote, afande akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia, akamwambia, "Hii nzuri. Sasa nipe ya kuendeshea."

Siku ya mashindano yenyewe je? Yale magari yanapita mjini na stika zake, si yanakuwa kwenye mbio?

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, kwa hiyo nivumilie.

Rali haiko kama mbio za uwanjani za kuzunguka. Ni vipande. Kuna steji, yaani kipande cha barabara kilichofungwa kwa kibali, polisi na walinzi wakiwa kwenye kila njia panda, na hapo ndipo magari yanapimwa kwa sekunde. Kisha kuna barabara za kuunganisha: kutoka eneo la matengenezo hadi steji ya kwanza, kutoka steji hiyo hadi ya pili, na kurudi. Hizo hazijafungwa. Kuna bajaji, kuna punda, kuna watoto wanatoka shule. Gari la rali likiwa humo ni gari la kawaida. Linatakiwa kuwa na namba ya usajili, taa zinazowaka, bima, na dereva mwenye leseni ya udereva. Kanuni za FIA zinasema hivyo kwa herufi nzito: wakiwa barabara ya kuunganisha, dereva na msoma ramani wanafuata sheria za usalama barabarani za nchi waliyopo.

Sasa jambo ambalo mtazamaji halijui. Kwenye barabara ya kuunganisha hakuna anayeshinda kwa kuwahi. Msoma ramani anakuwa na kadi ya muda, imeandikwa dakika mlizopewa. Tuseme kilomita 60 kwa dakika 70. Ukipiga hesabu unaona wastani ni kama kilomita 51 kwa saa, mwendo wa Haisi ya Igoma ikiwa haina abiria wa kugombania. Mkifika kituo cha muda kabla ya dakika yenu na mkaingia, mnapigwa adhabu ya dakika nzima kwa kila dakika mliyowahi. Mkichelewa, ni sekunde 10 kwa kila dakika. Angalia hizo namba mbili tena. Kuwahi kunauma mara sita kuliko kuchelewa! Ndiyo maana ukipita karibu na kituo cha muda unakuta magari ya mamilioni yamepaki pembeni, madereva wanakula ndizi, msoma ramani ameshika saa kama mtu anayesubiri kufungulia futari.

Basi kwa nini wengine bado wanakimbia kwenye hizo barabara?

Kwa sababu ya spana. Gari linatoka steji limepasua tairi, mkono wa mbele umepinda, bomba la breki linavuja. Mafundi hawaruhusiwi kuligusa nje ya eneo lao. Wenye ruhusa ni nyinyi wawili, kwa vifaa mlivyobeba ndani ya gari. Mnasimama pembeni, mnatambaa chini, mnafunga kwa waya na kamba. Ukitazama saa, dakika 20 zimekwenda, na bado kuna kilomita 40 mbele. Kila dakika ya kuchelewa ni sekunde 10, na ukizidi kiwango kilichowekwa unatolewa kabisa kwenye mashindano. Hapo ndipo mguu unapoanza kuwa mzito.

Nimekaa kwenye gari la namna hiyo. Nilikuwa namsomea dereva dakika zilizobaki, na kila nilipotaja namba alikuwa anakanyaga. Mwishowe nikanyamaza. Aliponiuliza, "Zimebaki ngapi?" nikamwambia, "Zipo." Tulichelewa dakika nne, sekunde 40 zikapotea, tukarudi nyumbani wazima. Hakunisemesha hadi jioni.

Mashindano yenyewe yana adhabu yake ya mwendokasi, au yanaachia polisi?

Yana yake, tena chungu kuliko ya polisi. Kwa kanuni za FIA za rali, kosa la kwanza la mwendokasi ni faini ya euro 25 kwa kila kilomita moja uliyozidisha. Ukikutwa na 70 kwenye 50, hizo ni kilomita 20, euro 500, fedha inayopita milioni moja ya kwetu. Kosa la pili ni dakika 5 zinaongezwa kwenye muda wako, na kwenye rali inayoamuliwa kwa sekunde, dakika 5 ni sawa na kukuambia nenda kapumzike. La tatu, unaondolewa.

Na hiyo ni ya mashindano peke yake. Sheria ya nchi inabaki palepale na faini yake, kwa hiyo unaweza kuadhibiwa huku na huku kwa mguu uleule mmoja. Mashindano ya taifa huwa na kanuni zake za nyongeza, zinazogawiwa kabla ya siku. Msoma ramani mzuri anazisoma zote, hata ile kurasa ya mwisho ambayo kila mtu anafungia maandazi.

Kuna dereva mkubwa wa dunia aliyewahi kunaswa?

Kisa ninachokipenda ni cha Petter Solberg, Mnorwe aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2003. Mwaka 2011 alikuwa kwenye Rally Sweden, anakwenda vizuri. Polisi wa Uswidi wakampima kwenye barabara ya kuunganisha, amezidisha. Kule mwendo ukizidi sana hawaishii kwenye faini; leseni inachukuliwa. Yeye akapewa muda mfupi kabla adhabu haijaanza kufanya kazi, na muda wenyewe ukaisha rali ikiwa imebakiza steji moja.

Wakafanya nini? Wakabadilishana viti. Msoma ramani wake, Chris Patterson, akashika usukani, bingwa wa dunia akakaa upande wa pili. Wakamaliza nafasi ya 5. Kwa mtu aliyekaa kiti cha kushoto kama mimi, hii ni hadithi tamu mno. Nimeisimulia hadi mke wangu anaimalizia yeye.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Kalle Rovanperä wa Ufini, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023, alianza kushindana Latvia akiwa bado mdogo wa kupata leseni ya udereva. Kwenye steji zilizofungwa aliruhusiwa kuendesha. Wakitoka kwenye steji kuingia barabara ya wote, mtoto anahama kiti, na msoma ramani mtu mzima ndiye anaendesha. Mtoto ambaye angewaacha madereva wengi wa Afrika kwa mbali hakuruhusiwa kulipeleka gari hadi kituo cha mafuta. Ukiwa na swali kuhusu tofauti ya barabara iliyofungwa na isiyofungwa, jibu ni hilo.

Na kwenye reki?

Reki ni zile siku za kabla ya rali, mnapita kwenye steji polepole kwa gari la kawaida mkiandika noti: kona kali kushoto, tuta, daraja jembamba, jiwe ndani ya kona. Kwa kawaida mnaruhusiwa kupita mara mbili tu. Barabara iko wazi na wenyeji wanaendelea na shughuli zao, kwa hiyo kuna mwendo uliowekwa, na siku hizi magari hufungwa kifaa cha kufuatilia. Ukizidisha, zile euro 25 kwa kilomita zinakufuata hata huku.

Kwa maoni yangu reki ni hatari kuliko rali. Kwenye rali mama mwenye ndoo ya dagaa ameshaambiwa akae nyuma ya kamba. Kwenye reki hajaambiwa kitu. Anawaona vijana wawili kwenye gari la vumbi, mmoja anaongea kama redio, mwingine anaandika, akidhani ni watu wa sensa.

Faini ya kwetu ni kiasi gani, na inalipwaje?

Kwa miaka mingi sasa ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Bodaboda na bajaji zilipunguziwa hadi 10,000 mwaka 2021. Afande anaingiza namba ya gari na leseni yako kwenye mashine, inatoka karatasi yenye kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Una siku 7. Zikipita, deni linaanza kukua. Usimpe trafiki fedha mkononi hata akiwa shemeji yako.

Neno moja kwa wanaonunua magari ya mkononi: deni hubaki kwenye namba ya gari. Kagua kwanza kwenye mfumo wa polisi kabla hujalipa. Nimeletewa hapa Subaru moja iliyokuwa na madeni yanayotosha kununua injini nyingine.

Kosa likiwa kubwa, mfano kuendesha kwa namna ya hatari au kumgonga mtu, hiyo si 30,000 tena. Hapo ni mahakamani, na hakimu anaweza kukufungia leseni au kukufunga wewe.

Wewe mwenyewe umewahi kupigwa tochi?

Nyanguge, naona aibu kusema. Ilikuwa saa nane mchana, narudi kutoka Magu na gari la mteja, gari la rali kabisa, lenye kizimba cha vyuma ndani na matairi ya changarawe. Mwenye gari, dereva hodari ambaye makombe yake nimeyafuta vumbi mimi, alikuwa amekaa kushoto. Nilitaka kusikiliza mlio fulani wa giaboksi, gia ya tatu.

Chini ya mwarobaini kulikuwa na afande wa kike, binti mdogo kabisa, kofia nyeupe, mkono mmoja umenyanyuka. Nikasimama.

"Shikamoo baba. Leseni tafadhali."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Akanigeuzia kile kioo cha tochi. "Sabini na nne, baba. Hapa hamsini."

"Nilikuwa napima gari la rali, mwanangu. Lina mlio."

Akalitazama gari lote, kuanzia taa hadi mkia wa nyuma. "Gari la rali lina barabara yake, baba?"

Yule bingwa pembeni yangu alicheka hadi akajigonga kichwa kwenye bomba la kizimba. Karatasi ikatoka kwenye mashine kama risiti ya duka. Kufika Kisesa mlio wa giaboksi nilikuwa nimeshausahau.

Je, tochi haikosei? Spidomita yangu ilisoma chini ya hapo.

Yangu pia ilisoma chini. Ilikuwa kwenye 70 siku ile, tochi ikasema 74, na nilikwenda nyumbani nikinung'unika kwamba nimeonewa. Kesho yake nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kunung'unika.

Kwenye rali kuna kifaa cha msoma ramani kinaitwa tripmita, kinapima umbali kwa mizunguko ya gurudumu. Kila ukibadilisha matairi lazima ukipime upya, la sivyo noti zako zinasema kona iko hapa wakati kona imeshapita. Nikalipeleka gari Usagara, nikashika njia ya Misungwi alfajiri, nikahesabu nguzo za kilomita hadi kumi. Nguzo zinasema kilomita 10. Tripmita inasema 9.46.

Maana yake ni nini? Yale matairi ya changarawe yalikuwa makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini gari linahesabu mizunguko tu, halijui umevaa kiatu gani. Kwa hiyo spidomita ilinidanganya kwa karibu asilimia 6. Zidisha 70 kwa hiyo tofauti uone unapata ngapi. Unapata 74. Binti alikuwa sahihi hadi kilomita ya mwisho.

Hili haliwahusu watu wa rali peke yao. Mtu yeyote aliyeinua gari na kuvalisha matairi makubwa ili apite kwenye mashimo ya Buswelu, spidomita yake inasoma pungufu. Na aliyevalisha madogo inasoma zaidi, huyo anakwenda taratibu bila kujua na anapigiwa honi na daladala. Kama unaamini tochi yenyewe ni mbovu, unayo haki ya kukataa kulipa papo hapo na kupelekwa mahakamani ukajitetee. Ila pima matairi kwanza.

Tuwe wakweli: dereva wa rali si anaweza kusimama haraka kuliko sisi?

Swali hili huja na kiburi kidogo ndani yake, kwa hiyo nalijibu kwa hesabu.

Gari likiwa kwenye 50, linakwenda mita 14 kila sekunde. Mtu wa kawaida anatumia kama sekunde moja kuona na kukanyaga breki. Mita 14 hizo zimekwenda kabla breki haijagusa kitu. Kisha kwenye lami kavu, matairi mazuri, unahitaji kama mita 14 nyingine kusimama. Jumla 28.

Kwenye 80, sekunde moja ni mita 22. Kusimama ni mita 35. Jumla 57.

Sasa mtoto ameruka barabarani pale Buhongwa, mita 29 mbele yako. Wa 50 amesimama, mtoto anamtazama bampa. Wa 80 akifika pointi ileile ambapo mwenzake amesimama, yeye bado anakwenda kama 73. Breki zake ndiyo kwanza zimeanza kuuma.

Tumpe dereva wa rali zawadi: tuseme anawahi kukanyaga kwa sekunde 0.7 badala ya moja. Kwenye 80 ameokoa mita 7 hivi. Badala ya 57 ni 50. Mtoto bado yuko kwenye mita 29.

Na kuna jambo ambalo fundi analiona na dereva hapendi kulisikia. Gari la rali barabarani mara nyingi linasimama vibaya kuliko IST ya shangazi yako. Brekipedi za mbio zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa za moto. Zikiwa baridi, asubuhi, umetoka tu Nyakato, zinateleza kwenye diski kama sabuni. Matairi ya changarawe yana vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana ili vichimbe udongo, na juu ya lami vinajikunja. Mkanda wa pointi sita unakubana kwenye kiti, huwezi kuinama kuchungulia njia panda. Kofia ngumu ukiivaa, husikii honi.

Uhodari upo, sikatai. Kwenye steji nimeuona kwa macho: mtu anaingiza gari kwenye kona kwa 120, mimi nimefumba jicho moja. Lakini pale alijua kitu ambacho hakijui akiwa Mkuyuni. Alijua hakuna anayekuja upande wa pili.

Bima inalipa nikipata ajali kwenye rali?

Soma mkataba wako, utaikuta sentensi inayoondoa mbio, mashindano na majaribio ya mwendo. Bima ya lazima kwa watu wengine iko kisheria, Sura ya 169, na gari la rali linaihitaji ili liguse barabara ya kuunganisha. Kwenye steji, mwandaaji ana bima yake ya tukio.

Kinachokera ni katikati. Kuna mwaka nililiendesha gari la mteja kwenda Morogoro kwenye mashindano, taratibu kabisa, lori likanigonga ubavuni nikiwa nimesimama. Kampuni ya bima, sitaitaja, ikaona kizimba cha vyuma kwenye picha, ikaandika kwamba gari lilikuwa kwenye mbio. Mbio gani za gari lililosimama? Ilichukua miezi, ripoti ya polisi na ya ukaguzi wa gari, ndipo wakalipa. Tangu hapo gari la rali nalibeba kwenye lori.

Vijana wanaokimbizana usiku mjini, hao si ndio madereva wa rali wa kesho?

Wengi wao si wa kesho wala wa kesho kutwa. Barabara ya Airport saa saba usiku na Subaru iliyotobolewa ekzosi ni kitu kingine. Kuifanya barabara ya umma uwanja wa mbio bila kibali ni kosa. Rali inaomba kibali kwa polisi na kwa mwenye barabara, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za wilaya na mitaa, na inatangazia wanakijiji kabla ya siku. Hao wa usiku wanamtangazia nani?

Siwadharau, nilikuwa kama wao. Mwenye kipaji kweli aende kwenye mashindano, hata kama ni ya mikoa mingine, Iringa, Morogoro, Arusha au Tanga, akaombe kazi ya kuosha matairi. Nilianzia hapo.

Daraja jipya limenyooka sana. Kuna ubaya gani?

Daraja la Kigongo–Busisi lina kilomita 3 na upepo wa ziwa unakuja ubavuni. Fuata kibao. Na usisimame katikati kupiga picha, nimeshakosakosa kumgonga mpiga picha mara mbili.

Mzee mmoja ananiambia Safari ya zamani ilikuwa inapita barabara wazi. Ni kweli?

Kweli tupu. Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na haikuwa na steji zilizofungwa. Mnapewa muda kati ya kituo na kituo, barabara ni ya wote. Lori la pamba linakuja, ng'ombe wanavuka, na wewe uko kwenye mbio. Timu kubwa baadaye zikawa na helikopta juu, mtu anaangalia mbele na kumtahadharisha dereva kwa redio kwamba kuna basi nyuma ya kilima. Mbele ya gari walifunga vyuma vya kukinga wanyama. Akina Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, walitengeneza majina yao kwenye barabara hizo.

Hali ilikuwa hivyo hadi 2002, Safari ilipotoka kwenye ratiba ya dunia. Iliporudi mwaka 2021 pale Naivasha ilikuja na steji zilizofungwa. Wazee wanasema imepoteza ladha. Nawaelewa. Lakini wakati ule magari yalikuwa machache, na siku hizi kutoka Lamadi hadi Bunda peke yake unapishana na malori, mabasi, bodaboda zilizobeba vitanda, na ukifika karibu na geti la Ndabaka nyumbu naye anataka kuvuka. Helikopta gani itayaona yote hayo?

Nikivuka Sirari kwenda kushindana Kenya, faini inanifuata?

Unafuata sheria za kule, na unalipa kule. Beba leseni, kadi ya gari, na bima ya kadi ya njano. Vibao vyao visome upya. Usiende na mazoea ya Magu.

Nikimpa afande kitu kidogo tukamalizana?

Hilo ni kosa jingine juu ya la kwanza, na kubwa zaidi. Akikuomba yeye, TAKUKURU wako kwenye 113, simu ni bure.

Naweza kuleta gari langu ulipime spidomita kama ulivyofanya?

Lete. Uje saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla malori ya Shinyanga hayajaanza kujazana Usagara. Jaza upepo kwenye matairi jioni ya kuamkia, usijaze njiani, maana tairi la moto linabadilisha hesabu. Utaendesha wewe, mimi nitakaa kushoto na daftari. Kahawa ya pale stendi ya Misungwi unalipa wewe, na tukipigwa tochi unalipa wewe pia.